Mwaka Niliofungia Rejesta Stoo

Barua ya kunipa uongozi wa wauguzi aliniletea mtu yuleyule niliyekuwa namwondoa kwenye nafasi hiyo. Nilikuwa naosha vifaa, mikono imejaa povu, akaja akasimama mlangoni na bahasha ya kaki.

"Kausha mikono, mwanangu," akasema. "Wamekuandikia."

Nikamwomba anisomee. Akavaa miwani, akasoma yote polepole, hata pale palipoandikwa kwamba kituo chetu kimechaguliwa kuanza kutumia mfumo wa kompyuta, na kwamba kiongozi wa wauguzi sasa awe mtu anayeweza kuusimamia. Alipomaliza akaikunja kwa mikunjo ileile aliyoikuta nayo.

"Hongera," akasema. "Funguo nitakukabidhi kesho. Leo nina wazazi wawili leba."

Tulimwita Mama Mkubwa. Daktari alimwita hivyo, mpika chai wa nje ya geti alimwita hivyo, na akina mama waliozaa mikononi mwake waliwafundisha watoto wao kumwita hivyo. Alikuwa Mndengereko wa upande wa Mtawanya, mjane, mtu wa maneno machache. Alibakiza miaka miwili astaafu. Mimi alinipokea sijui hata kukata kitovu bila mikono kutetemeka. Usiku wangu wa kwanza leba alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, na mtoto akatoka kana kwamba tumempokea watu wawili kwa mikono miwili. Kila nilichokijua kuhusu kazi ile nilikipata kwake. Na sasa nilikuwa bosi wake.

Kituo chetu kiko Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu. Wagonjwa wengi ni wakulima wa vijiji vya jirani, lakini tunapokea pia watu wa delta, wa Salale na vitongoji vyake vya kwenye mikoko, ambao hupanda boti mpaka Nyamisati ndipo wapate pikipiki ya kuwaleta kwetu. Wakifika wanakuwa wamelowa, na mara nyingi kadi ya kliniki imelowa pamoja nao, wino umetapakaa, hakisomeki kitu.

Kwa hiyo mfumo ulipokuja niliupenda kutoka moyoni, na sioni haya kusema hivyo hata leo. Tulipewa kompyuta moja na vishikwambi vinne. Kabla ya hapo, kila mwisho wa mwezi tulikaa chini na rejesta kumi na kitu, vile vitabu vikubwa vyenye mistari, tukahesabu mgonjwa mmoja mmoja kwa kidole ili tupate ripoti ya wilaya. Ukikosea ukurasa, unaanza upya. Mchwa walishakula kitabu kizima cha chanjo, na watoto waliokuwa ndani yake wakawa kama hawajawahi kuchanjwa. Niliona kishikwambi kitatutoa kwenye mateso yale. Nilipomaliza mafunzo ya siku mbili nilirudi kituoni kama mtu aliyepewa macho mapya.

Mama Mkubwa naye alihudhuria mafunzo. Alikaa mstari wa mbele, akaandika kwenye daftari kila kitu alichosema mkufunzi, hata utani wake. Lakini vidole vyake havikuzoea kioo. Alibonyeza kwa nguvu, kama anagonga mlango, na kioo kikampeleka asikotaka. Akitaka kuandika uzito wa mtoto, anajikuta kwenye ukurasa wa malaria.

Asubuhi moja niliwahi kazini, jua ndiyo kwanza linatoka, nikamkuta peke yake kwenye chumba cha kliniki. Kishikwambi kiko mezani, daftari liko pembeni.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Mbona mapema?"

"Marahaba. Nafanya mazoezi. Hebu njoo uone, nimeharibu kitu." Akanisogezea kioo. "Nilitaka jina la kufanyia majaribio, nikaandika la mama yangu mzazi. Sasa kinaniambia ana mimba ya miezi sita na aje kliniki Jumatano. Naye amekufa mimi bado kigoli. Namfutaje?"

Mfumo haukuruhusu kumfuta mtu. Nikamwambia nitapiga simu wilayani. Tulicheka kidogo, lakini niliona ameumia, na nikajua kwamba siku zote zile alikuwa anakuja alfajiri kujifunza kwa siri, asionekane na wale vijana.

Wale vijana walikuwa wauguzi watatu waliotoka chuoni karibuni. Walikuwa wepesi, wanaandika kwenye kishikwambi huku wanaongea na mgonjwa. Siku moja Mama Mkubwa aliandikisha mtoto wa kike kuwa wa kiume, na cheti kikatoka hivyo. Wakacheka mbele yake, mbele ya mzazi. Mmoja akasema, "Mama Mkubwa umembadilisha jinsia binti wa watu." Nilikuwa nimesimama palepale. Neno moja tu la kiongozi lingetosha. Sikulisema. Nilijipa sababu kwamba ni utani, kumbe ukweli ni kwamba na mimi nilishaanza kumwona kama mzigo.

Shida yenyewe ilikuwa kuandika mara mbili. Maelekezo yalisema tuendelee na rejesta sambamba na mfumo mpaka tutakapoambiwa vinginevyo. Wauguzi walichoka. Mgonjwa mmoja unamwandika kitabuni, kisha kwenye kishikwambi, na foleni iko mpaka nje kwenye mti. Matokeo yake wengi waliandika kitabuni tu, wakasema kishikwambi watajaza baadaye, na baadaye haikufika. Kwenye kikao cha wilaya takwimu zetu za mfumo zilikuwa chini kuliko za vituo vidogo. Zilioneshwa ukutani, wote tunaziona. Kiongozi wa kituo kingine akaniuliza kwa upole, "Kwenu hamna mtandao, sista?" Nilirudi nimejaa aibu.

Ndani ya wiki ile nikaamua. Hakuna aliyeniagiza, nataka hilo lieleweke. Niliita kikao kifupi asubuhi, nikasema kuanzia tarehe moja rejesta zote zinaingia stoo, stoo inafungwa, ufunguo nakaa nao mimi. Kila mgonjwa aandikwe kwenye kishikwambi, papo hapo, hakuna visingizio.

Vijana walifurahi. Mama Mkubwa alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mtandao ukikatika?"

"Kinahifadhi chenyewe. Ukirudi kinatuma."

"Na wale wa zamani? Waliozaa hapa miaka ya nyuma, habari zao ziko kwenye vitabu."

"Tutawaingiza kidogo kidogo," nikasema. "Wa mwaka huu wameshaingia karibu wote."

"Wa mwaka huu nawajua hata bila kitabu," akasema. Mimi nikafunga kikao.

Siku hiyohiyo nikampangia kazi mpya. Kwa kuwa leba ilihitaji mtu mwepesi wa kuingiza taarifa, nikamtoa, nikampeleka kwenye kliniki ya watoto, barazani, kupima uzito. Nikamwambia huko atapumzika. Alisema sawa. Alikusanya vitu vyake kwenye kabati la leba: kandambili, kanga ya kujifunika, na kikombe cha bati. Akavuka uani navyo mkononi, mbele ya kila mtu.

Takwimu zetu zilipanda. Mwezi wa pili tulisifiwa. Mimi nikaulizwa kwenye kikao nimewezaje, nikaeleza, na wenzangu wakaandika.

Mama yule kutoka Salale alifika wakati wa masika, saa sita mchana, kwenye pikipiki, ameegemea mgongo wa dereva. Mama mkwe wake alikuja na pikipiki ya pili, amebeba beseni la nguo. Kadi haikuwepo. Walisema ilianguka majini wakati wa kupanda boti. Muuguzi wa zamu, mmoja wa wale vijana, akatafuta jina kwenye kishikwambi.

"Hayupo," akaniambia.

"Msajili mpya," nikajibu, nikaenda zangu ofisini.

Muuguzi akamuuliza maswali kama kioo kinavyotaka. Mimba ya ngapi? Ya tatu. Kuna uzazi wowote uliokuwa na shida? Uliwahi kutokwa na damu nyingi? Mgonjwa alikuwa kwenye uchungu, ameuma kanga, hakujibu. Mama mkwe ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

"Salama. Yote ilikuwa salama."

Muuguzi akabonyeza hapana. Simlaumu. Alifanya kama nilivyomfundisha.

Mimi nilikuwa natuma ripoti ya mwezi. Mtandao ulikuwa umekatika siku mbili, umerudi asubuhi ile, na nilihofia utaondoka tena. Mama Mkubwa akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuna mama leba, wa kutoka Salale," akasema. "Mama mkwe wake nimemkuta bombani, nimemkumbuka sura. Huyo binti uzazi uliopita alizalia hapa. Kondo la nyuma liligoma, nikalitoa kwa mkono, akatokwa damu mpaka nikajua tunampoteza. Niliandika kwa wino mwekundu kwamba asizalie tena kwenye kituo, apelekwe hospitali mapema."

"Mbona mfumo unaonyesha hana historia yoyote?"

"Wakati ule mfumo haukuwepo, mwanangu."

"Mama Mkubwa, una uhakika ni yeye? Wanafanana hao."

"Ndiyo maana nataka kitabu. Nipe ufunguo wa stoo."

Nilitazama kioo. Mstari wa kutuma ripoti ulikuwa umefika katikati. "Nipe dakika kumi," nikasema. "Nitakuja nao mwenyewe."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpa ufunguo tu. Ulikuwa mfukoni, ningeutoa bila hata kunyanyuka. Jibu ninalo, na si zuri. Nilidhani anatafuta njia ya kuzirudisha rejesta zake. Nilidhani nikifungua stoo siku hiyo, kesho watakuja wengine, na kazi yangu yote itaharibika.

Hakubishana. Alikwenda moja kwa moja leba, akawaeleza, lakini wakati huo mtoto alishakaribia kutoka, na mzazi wa hali ile huwezi kumpakia garini. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akalia. Nilimsikia nikiwa ofisini na nikajisemea, unaona. Kisha nikasikia mtu anakimbia.

Sitasimulia yote. Sindano ya kukaza kizazi ilichomwa, na ya pili, dripu mbili, mikono ya Mama Mkubwa ikafanya yale yote niliyowahi kuiona ikifanya. Gari la wagonjwa lilikuwa uani tangu asubuhi. Tukampakia, Mama Mkubwa akapanda naye, bado amemkandamiza tumbo. Barabara ilikuwa tope. Waliporudi nilikuwa nimesimama getini, na kabla gari halijasimama niliona Mama Mkubwa amekaa mbele na dereva, mikono mapajani. Nikajua hakuna tena wa kushikiliwa nyuma.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi na mtoto kwenye kanga. Mama Mkubwa akamwendea, akapiga magoti, akamwambia kwa Kindengereko, kwa sauti ya chini. Yule mama hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso, akamfunua, akamfunika tena.

Jioni hiyo nilifungua stoo. Mama Mkubwa hakuhitaji kutafuta. Alivuta kitabu cha tatu kutoka juu, akafungua, akaweka kidole. Maandishi yalikuwa pale, mekundu, herufi zake zilizosimama wima kama za shule ya msingi. Nilisoma mstari ule, yeye akiangalia kwingine ili asinione.

Kisha ikanibidi nikiandike kifo kwenye mfumo. Kuna ukurasa wake. Unauliza umri, kijiji, sababu, na mahali fulani unauliza tena: je, mgonjwa alikuwa na historia ya kutokwa damu? Huwezi kutuma bila kujibu. Nilibonyeza ndiyo. Kikaniambia kwamba jibu hili halilingani na lile la mchana, je, nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo tena.

Kila mama anapofariki kwa uzazi, hufanyika kikao cha kupitia kilichotokea. Walikuja watu wanne kutoka wilayani, wakakaa na daktari wetu, na muuguzi wa zamu, na Mama Mkubwa, na mimi. Waliuliza kwa heshima, hawakuja kumsulubu mtu. Wakafika kwenye swali: kwa nini historia ya mgonjwa haikujulikana mapema?

Mama Mkubwa akasema kabla yangu. "Mimi nilimwona yule mama mkwe tangu anashuka kwenye pikipiki. Nikamfananisha, nikaendelea kupima watoto. Ningeinuka palepale, tungewahi. Nilichelewa mimi."

Sijui kama ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui.

Mwenyekiti akanigeukia. "Rejesta zilikuwa wapi, kiongozi?"

"Stoo."

"Kwa sababu gani?"

"Tulikuwa tunahamia kwenye mfumo."

Akatikisa kichwa, akaandika. Kwenye taarifa wakaweka kwamba kulikuwa na changamoto za kipindi cha mpito. Hakuna aliyeuliza nani alizifunga, nani alikuwa na ufunguo, nani aliombwa akasema dakika kumi. Na mimi sikusema. Nilisaini. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Walipoondoka nilimfuata Mama Mkubwa barazani. Alikuwa anakunja vibwende, vile vitambaa vya kuwabebea watoto kwenye mizani.

"Kwa nini umejitwisha?" nikamuuliza.

"Wewe una miaka mingi ya kazi mbele. Mimi nimebakiza miezi." Akaendelea kukunja. "Ukiwa unataka kunilipa wema, usinililie hapa. Toa vitabu stoo tuviingize."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kuanzia wiki iliyofuata rejesta zilirudi mezani, na agizo langu nikalifuta mbele ya wote, nikasema nilikosea, ingawa sikueleza nilikosea kwa kiasi gani. Nilimrudisha Mama Mkubwa leba. Na kila siku baada ya zamu, kuanzia saa tisa hadi jua linapopungua, tulikaa wawili kwenye chumba cha kliniki, yeye na kitabu, mimi na kishikwambi. Yeye akisoma, mimi naandika.

"Huyu wa Chumbi," anasema. "Presha. Alikuja miguu imevimba, haoni vizuri. Weka."

Napiga. Anageuza ukurasa.

"Huyu usimhangaikie, walihamia Kilwa. Huyu ameshafunga kizazi. Huyu hapa jina lake limeandikwa vibaya, mwenyewe hujiita kwa jina la nyumbani. Weka yote mawili, la sivyo hutampata."

Yaliyoandikwa kitabuni yalikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kichwani mwake, na mimi nilikuwa nimeipeleka barazani kupima uzito. Niligundua kwamba mfumo nilioupenda haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa mtupu tu, na kiongozi wake alikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba umejaa. Mama Mkubwa ndiye aliyefikiria kwamba maneno ya wino mwekundu yakae mahali yatakapoonekana kwanza mtu anapofungua jina. Nilimpigia simu yule mkufunzi, akaniuliza mara mbili tatu ninataka nini hasa, kisha akatutengenezea.

Miezi michache baadaye alikuja mjamzito wa Mtawanya, kijana akafungua jina lake, mstari mwekundu ukatokea. Akapelekwa hospitali siku hiyohiyo, akazalia huko, akasaidiwa kwa wakati. Aliporudi kliniki alikuwa amekasirika, analalamika kwamba tulimsumbua kumpeleka mbali bila sababu, kwani amezaa vizuri tu. Mama Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi. Mama yule alipotoka, Mama Mkubwa akacheka mpaka akafuta machozi. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Niliona anaanza kusogeza kitabu karibu na uso. Nilidhani ni miwani. Baadaye akawa anaruka mistari, nikawa namrekebisha, naye anasema, ah, nimepitiwa. Kumbe alikuwa na kisukari cha miaka mingi, alikuwa anajitibu kimyakimya kwa kuchukua dawa mbali na sisi, na sasa kilikuwa kimeshika macho. Mtu aliyewaandika wagonjwa wa nchi nzima ile, yeye mwenyewe hakuwa kwenye kitabu chochote chetu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ningeanzaje kuwa mgonjwa wenu?"

Alistaafu vitabu vinne vikiwa bado. Tulimfanyia sherehe ndogo barazani, tukampa doti mbili za kanga na redio, akina mama wakaja na watoto wao wa kila umri. Alirudi kwao Mtawanya, kwa mdogo wake wa kike. Nilikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza nilichukua kitabu kimoja, tukaendelea, mimi nikisoma na yeye akijibu kwa kumbukumbu, maana hakuona tena. Mara ya pili alichoka mapema. Mara ya tatu mguu wake ulikuwa na kidonda, wamemlaza kwenye jamvi sebuleni, akaniuliza habari za wauguzi mmoja mmoja, hata wale waliomcheka. Sikutoa kitabu mkobani.

Siku ile nilitaka kumwambia kwamba nitakwenda kusema ukweli. Nikasema, "Mama Mkubwa, lile la kikao."

"Najua," akasema. "Basi."

Alifariki kabla mwaka haujatimia tangu astaafu. Tulimzika mchana, baada ya swala, na kulikuwa na watu wengi kiasi kwamba waliokuwa nyuma hawakuliona kaburi.

Vile vitabu vilivyobaki niliviingiza peke yangu. Pembeni ya baadhi ya majina alikuwa ameweka nukta tatu ndogo kwa penseli. Kwenye vitabu tulivyosoma pamoja hazikuwepo, kwa hiyo sikuwahi kuziuliza. Nilijaribu kulinganisha wale akina mama, umri, vijiji, uzazi wao, sikuona kinachowaunganisha. Niliwaingiza, nukta nikaziacha kwenye karatasi. Nina hofu kwamba kuna jambo alilijua kuhusu wanawake wale, na limekwenda naye.

Baada ya arobaini yake niliandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya, nikaeleza kuhusu ufunguo na zile dakika kumi, na kwamba agizo la kufungia rejesta lilikuwa langu mwenyewe. Nikaomba nivuliwe uongozi. Aliniita, akanisikiliza, akasema barua ataiweka kwenye jalada langu na kwamba niendelee na kazi, kwa kuwa hana mwingine. Nilitoka pale bila kujisikia mwepesi hata kidogo. Nikajua nimekwenda kwa mtu asiyehusika.

Ndipo nikapanda boti kwenda Salale. Maji yalikuwa yamejaa, tukapita katikati ya mikoko, na nilipofika niliuliza nikaelekezwa. Mama mkwe nilimkuta uani anaanika kamba wabichi kwenye mkeka. Mtoto alikuwa karibu naye, anatembea tayari, amevaa hirizi shingoni na gauni lililomzidi. Nikasalimia, nikakaribishwa kigoda. Alinijua.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba habari za mkwewe ziliandikwa, zilikuwepo, zilikuwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia niliombwa nikaukatalia. Hakunikatiza. Aliendelea kuwageuza kamba mmoja mmoja mpaka nilipomaliza.

"Mimi niliulizwa," akasema hatimaye. "Yule binti wenu aliniuliza kama aliwahi kutoka damu. Nikasema salama."

"Ulisahau, mama. Mtu akiwa kwenye taharuki husahau."

"Sikusahau. Uzazi ule wa nyuma tuliambiwa safari nyingine aende hospitali kubwa. Ni mbali, mimi huko sina mtu, na nyumbani nimeacha watoto wawili na mume wake yuko kambini anavua. Nikasema nikiwaambia, watatupeleka huko. Nikasema Mungu atamsaidia, atazaa tu." Akashika kamba mmoja, akamtazama kama hajui ni kitu gani. "Mwanangu wa kumzaa hajui. Hujamwambia mtu?"

"Sikulijua hilo mpaka leo, mama."

"Basi usimwambie."

Mtoto akaja akasimama mbele yangu, akanitazama, akarudi kwa bibi yake. Nilitaka kusema kwamba hata angejibu kweli, rejesta ingebaki stoo. Halafu nikaona kwamba angejibu kweli, rejesta isingehitajika. Sote wawili tulikuwa na ukweli mkononi kwa wakati mmoja, katika jengo moja, na hakuna aliyeutoa. Maneno hayo sikuyasema. Yangemsaidia nini?

Alinipa chai na wali mkavu wa asubuhi. Nilikula. Mwenye boti akaja kuita kwamba maji yanakupwa, tukikawia tutakwama kwenye tope. Nikasimama, nikamuuliza kama naweza kuja tena kuwajulia hali, hasa mtoto.

Alifikiri. "Usije," akasema. "Si kwa ubaya, mwanangu. Nikikuona wewe namwona yeye kwenye lile benchi."

Sijarudi. Bado ni kiongozi wa wauguzi, na siku hizi nazunguka zahanati za delta kuwafundisha wengine. Rejesta zinakaa mezani, kishikwambi kinakaa pembeni yake, na mkunga mzee wa kila mahali namweka karibu na kijana anayeandika. Wanalalamika kwamba ni kazi mbili. Ni kazi mbili kweli.

Zahanati ya kwao Salale nayo imeingia kwenye mfumo, na taarifa zake hupitia kwangu. Jina la yule mtoto nalijua. Nimelifungua mara mbili tu, nikaona amechanjwa surua na uzito wake uko vizuri, nikafunga. Kwenye nafasi ya jina la mama, muuguzi wa kule ameandika jina la bibi.